Kabati na "Cupboard": Uhakiki wa Asili ya Neno Moja

Utangulizi

Katika kamusi zetu, na zaidi katika madarasa yetu, imekuwa desturi kulitaja neno la mkopo na kulibandika papo hapo kitambulisho cha asili yake: hili la Kiarabu, hili la Kireno, hili la Kiingereza. Mara nyingi kitambulisho chenyewe ni herufi chache tu ndani ya mabano, na msomaji huzipita akiamini kwamba shauri limekwisha kukatwa. Makala haya yanakusudia kulichunguza neno moja la nyumbani ambalo limezoea kuhesabiwa kuwa la Kiingereza bila ya kuulizwa maswali mengi. Neno hilo ni "kabati". Husemwa kwamba limetokana na nomino ambatani ya Kiingereza "cupboard". Hoja yetu ni kwamba nasaba hiyo, ijapokuwa haikosi chembe ya ukweli, haitoshi. Na kwamba wepesi uliotumika kuikubali unatuonyesha kasoro iliyomo katika mbinu zetu za kuchunguza maneno ya mkopo.

Kasoro yenyewe ni hii: sikio hutangulia ushahidi. Maneno mawili yakifanana kwa sauti na kwa maana, na lugha mojawapo ikiwa ni ile ya mtawala wa jana, twaharakisha kuhukumu kwamba la pili limezaliwa na la kwanza. Chukua neno "gari". Mtu aliyesoma Kiingereza akiulizwa asili yake huvutwa na neno "car", kwa kuwa sauti zakaribiana na chombo ni kimoja. Hata hivyo "gari" ni gāṛī ya Kihindi na Kigujarati, neno lililokwisha kutaja mkokoteni wa kukokotwa na mnyama kabla ya motokaa ya kwanza kuundwa. Neno lililotoka kwa Waingereza ni hilo hilo "motokaa". Ikiwa "gari" laweza kutupoteza njia hivyo, hatuna budi kulitazama "kabati" kwa jicho la hadhari.

Kabla ya kuingia katika shauri lenyewe, yafaa tuondoe njiani dhana moja. Kwa kuwa lugha kadhaa za Kibantu za bara, kama vile Kikuyu na Kikamba, hutumia kiambishi ka- kudunisha nomino, na kwa kuwa "bati" ni neno la kila siku, msikilizaji aweza kudhani kwamba "kabati" ni "bati" dogo. Dhana hiyo haina msingi. Kiswahili sanifu hudunisha kwa ki- na kiji-, si kwa ka-. Wingi wa neno ni "makabati", jambo linaloonyesha kwamba silabi ka ni sehemu ya shina. Na chombo chenyewe kwa asili ni kazi ya seremala, si ya fundi wa mabati.

"Cupboard" katika Kiingereza

Haiwezekani kuamua kama neno fulani ni mzazi wa jingine bila ya kujua maisha ya huyo anayedaiwa kuwa mzazi. "Cupboard" ni muungano wa maneno mawili. La kwanza, "cup", lilikuwa "cuppe" katika Kiingereza cha kale, nalo lilitoka katika Kilatini cha zama za mwisho. La pili, "board", lilikuwa "bord", neno la asili ya Kijerumaniki lenye maana ya ubao, na pia meza, na pia ubavu wa chombo cha baharini. Maana hiyo ya meza ndiyo iliyozaa wajukuu wengi. Chakula kinacholiwa mezani nacho kiliitwa "board", ndipo shule yenye mabweni ikaitwa "boarding school". Watu wanaoketi kuizunguka meza kwa mashauri nao wakaitwa "board", na kwa njia hiyo Kiswahili kikapata neno "bodi".

Katika karne ya 14, wakati muungano huu ulipoanza kuandikwa, "cupboard" haikuwa kabati hata kidogo. Ilikuwa ni ubao au meza ya kuwekea vikombe na vyombo vinginevyo, tena meza iliyo wazi. Katika nyumba za wenye mali kazi yake ilikuwa kuonyesha: vyombo vya fedha vilipangwa juu yake ili mgeni aingiapo auone utajiri wa mwenyeji wake. Katika karne ya 16 maana ilihama kutoka kwenye meza kwenda kwenye sanduku la kusimama lenye rafu ndani na milango mbele. Maana ya zamani haikufa mara moja. Kilibaki chombo kilichoitwa "court cupboard", kiunzi cha rafu zilizo wazi za kupangia vyombo, na ndicho ambacho watumishi katika tamthilia ya Shakespeare ya Romeo and Juliet wanahimizana kukiondoa wanapotayarisha ukumbi kwa karamu na dansi. Mtu akisoma tamthilia hiyo akafikiria kabati la milango miwili, atakuwa amekiingiza katika ukumbi ule chombo kisichokuwamo.

Maana ilipokwisha kuhamia kwenye chombo kinachofungwa, ndipo zilipowezekana semi mbili ambazo Waingereza wanazitumia hadi leo. Mapenzi ya mtu anayejipendekeza kwa sababu ya chakula yalianza kuitwa "cupboard love" katika karne ya 18. Na katika karne ya 19 ilienea semi inayoifananisha aibu ya siri ya ukoo na mifupa ya maiti iliyofungiwa ndani ya kabati. Ni dhahiri kwamba hakuna aibu iwezayo kufichwa juu ya meza. Semi hizi ni shahidi wa badiliko la maana kuliko ufafanuzi wowote wa kamusi.

Sauti nazo zilikuwa na safari yake. Herufi p imebaki katika maandishi, lakini katika matamshi imemezwa na b inayoifuata, kama ilivyomezwa p katika neno "raspberry". Irabu ya "board" imefifia hata ikawa irabu hafifu ya kati isiyo na mkazo. Linganisha na "blackboard", ambamo "board" husikika kamili. Tahajia za karne ya 16 na ya 17 zisizokuwa na p zathibitisha kwamba kumezwa huku si jambo la jana. Basi Mwingereza asemapo neno hili hasikii kikombe wala ubao. Asikia neno moja tu, lisilogawanyika. Aliyeweza kulikopa kutoka mdomoni mwake angalikopa sauti hizo zilizofifia, si zile zilizoandikwa.

Ushahidi wa sauti

Hapa ndipo shauri lenyewe lilipo. Kiswahili kinapokopa neno la Kiingereza hakikopi ovyo. Hufuata kanuni ambazo zaweza kuonyeshwa kwa mifano mingi. Neno linaloishia kwa konsonanti huongezwa irabu, na baada ya d au t irabu hiyo kwa kawaida huwa i. Lakini d hubaki d, na t hubaki t. "Card" imekuwa "kadi", "yard" imekuwa "yadi", "record" imekuwa "rekodi", "ward" ya hospitali imekuwa "wodi", "band" imekuwa "bendi", na "board" yenyewe, kama tulivyokwisha kuona, imekuwa "bodi". Kwa upande wa pili, "shirt" imekuwa "shati", "coat" imekuwa "koti", "gate" imekuwa "geti", "boat" imekuwa "boti", "blanket" imekuwa "blanketi", na "ticket" imekuwa "tiketi". Mpaka kati ya safu hizi mbili unalindwa. Mswahili hana sababu ya kuikwepa d mwishoni mwa shina, kwani lugha yake inayo sauti hiyo katika maneno kama "rudi", "zaidi" na "baridi".

Itasemwa kwamba mifano hii ina irabu nzito kabla ya d, na kwamba baada ya irabu hafifu mambo huenda yakawa mengine. Pingamizi hilo ni la haki, na kwa bahati njema tunao mfano unaolijibu. Neno "custard" hutamkwa kwa Kiingereza kwa umbo lile lile la "cupboard": irabu ile ile mwanzoni, irabu ile ile hafifu mwishoni, na d ile ile ya kufungia. Kiswahili kimelipokea kama "kastadi". Irabu zimegeuka a mbili, na d imebaki. Aidha "mudguard", ambayo pia ni nomino ambatani ya Kiingereza, imekuwa "madigadi", na d zake zote mbili zimehifadhiwa. Ya katikati hata imeongezewa irabu ili isipotee.

Kwa kanuni hizi, "cupboard" ingaliingia moja kwa moja kutoka mdomo wa Mwingereza, tungalitarajia "kabadi". Neno hilo halipo. Tulilo nalo ni "kabati". Irabu zote za "kabati" zaweza kuelezwa kwa Kiingereza. K yaweza kuelezwa. B yaweza kuelezwa, tena vizuri, kwa kuwa p ilikwisha kumezwa. Konsonanti moja tu ndiyo inayokataa. Wengine wataona kwamba konsonanti moja ni kitu kidogo mno cha kuvunja nasaba. Lakini katika uchunguzi wa asili za maneno, konsonanti moja inayokwenda kinyume cha kanuni ina uzito kuliko maneno kumi yanayofanana kwa jumla. Kufanana kwaweza kuwa sadfa. Kanuni kuvunjwa kwahitaji sababu.

Njia ya Bara Hindi

Sababu ya kuvunjwa kanuni twaweza kuipata tukigeuza uso kutoka Uingereza na kuuelekeza ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Katika Kigujarati, chombo hiki huitwa kabāṭ. Katika Kimarathi, lugha jirani, huitwa kapāṭ. Nyuma ya maneno haya yupo mzee wao wa Kisanskriti, kapāṭa, ambaye maana yake ni ubawa wa mlango, yaani bamba la mbao linalofunguliwa na kufungwa. Katika Kihindi kapāṭ hadi leo ni mlango, hasa ule wa hekalu. Ukiilinganisha kabāṭ ya Kigujarati na "kabati" ya Kiswahili, hakuna sauti iliyobaki bila ya maelezo. Irabu ndefu imekuwa a yenye mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. T ya Kigujarati, inayotamkwa kwa ncha ya ulimi iliyopinda nyuma, imekuwa t ya kawaida. Na irabu i imeongezwa mwishoni kama kanuni inavyotaka.

Lakini ulinganifu wa sauti peke yake hautoshi. La sivyo tutakuwa tumelifanya kosa lile lile tunalowalaumu wenzetu. Lazima ionyeshwe kwamba wasemaji wa lugha hizo mbili walikutana, na walikutana katika shughuli inayohusika. Jambo hili halina shaka. Wafanyabiashara wa Gujarat na Kachchh walikuwa wamekwisha kukaa Unguja na Mombasa muda mrefu kabla ya Uingereza kutangaza himaya yake juu ya Unguja mwaka 1890 na juu ya bara la Kenya mwaka 1895. Kampuni ya Jairam Shivji, ya Wabhatia wa Kachchh, ilikodi ushuru wa forodha ya Unguja kwa miaka mingi ya karne ya 19. Ujenzi wa reli kutoka Mombasa, ulioanza mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ulileta wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi, na miongoni mwao walikuwamo maseremala na waashi. Hadi mwaka 1920 fedha iliyotumika Kenya ilikuwa rupia.

Ushahidi wa mkutano huo umo katika msamiati wenyewe. Maneno "pesa", "laki", "bima", "hundi", "gunia", "bangili", "chapati" na "godoro" yana asili ya Bara Hindi. Tukiyatazama vyema tutaona kwamba ni maneno ya duka, ya forodha, ya jikoni na ya chumba cha kulala. Ni maneno ya vitu vinavyonunuliwa na kubebwa hadi nyumbani. "Kabati" lina kikao chake halali katika baraza hilo, pembeni mwa "godoro". Maneno ya Kiingereza ya zama zile yalikuja zaidi kwa njia ya ofisi, shule, hospitali na mashine. Huu si mpaka wa chuma, kwani "shati" na "koti" ni mavazi na yametoka kwa Waingereza. Lakini ni dalili inayostahili kupimwa pamoja na nyinginezo.

Dalili nyingine ni kwamba "kabati" limekuja bila ya semi zake. Neno linalopokewa darasani na vitabuni mara nyingi huja limefuatana na misemo ya lugha lilikotoka, na wasomi wetu hatuna haja ya kukumbushwa ni misemo mingapi ya Kiingereza iliyokwisha kuvishwa kanzu ya Kiswahili namna hiyo. "Kabati" halikuleta mapenzi ya chakula wala mifupa ya ukoo. Limekuja likiwa mbao, bawaba na kitasa tu, kama lijavyo neno lililochukuliwa kutoka kwa fundi au muuzaji.

Mapingamizi

Haitakuwa uungwana kuufunga mjadala bila ya kuyasikiliza mapingamizi matatu yaliyo mazito.

La kwanza latoka kusini mwa Afrika. Kizulu huliita kabati "ikhabethe", na Kixhosa huliita "ikhabhathi". Lugha hizi nazo zina sauti ya t mahali ambapo tungalitarajia d, ilhali Kizulu hicho hicho huita karata au kadi "ikhadi" na bodi "ibhodi". Je, si dalili kwamba "cupboard" ya Kiingereza yaweza kuzaa t bila ya msaada wa Mgujarati? Yawezekana. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba huko kusini Kiingereza kilisikika pia katika midomo ya Makaburu, na lugha yao ya Kiafrikaansi huondoa ughuna wa d mwishoni mwa neno na kuifanya t. Basi hata huko d haikugeuka yenyewe. Palihitajiwa lugha ya tatu kuigeuza. Pingamizi hili, likitazamwa kwa makini, linatuunga mkono katika lile tunalolitetea: kwamba neno la mkopo lina chimbuko, na lina njia, na njia yaweza kuacha alama isiyokuwako kwenye chimbuko.

La pili lahusu tarehe. Itasemwa: tazama tu ni lini neno lilianza kuandikwa. Kwa bahati mbaya kipimo hiki hakiwezi kutenganisha hapa. Kitabu cha Steere juu ya Kiswahili cha Unguja kilitoka mwaka 1870, na kamusi ya Krapf mwaka 1882. Wote wawili walikuwa wamisionari waliotumia Kiingereza katika kazi yao ya kamusi, na wote wawili waliishi katika miji iliyokuwa na maduka ya Wahindi. Tangu siku ya kwanza ya uandishi wa kamusi za Kiswahili za namna hii, lugha zote mbili zinazoshindaniwa zilikuwapo pwani. Tarehe yoyote itakayotajwa, kila upande utaweza kuidai. Isitoshe, mwaka wa kuandikwa kwa neno si mwaka wa kuzaliwa kwake.

La tatu ndilo gumu kuliko yote, nalo lahusu Kigujarati chenyewe. Kapāṭa ya Kisanskriti iliporithiwa na lugha za kaskazini ya Bara Hindi kwa njia ya kawaida, p yake ililegea na ṭ yake ikapata ughuna; ndipo Kihindi kikawa na kivāṛ na Kigujarati kikawa na kamāḍ, yote mawili yakiwa na maana ya mlango. Basi kabāṭ yenye b na ṭ si mrithi wa kawaida. Umbo la Kimarathi, kapāṭ, laweza kuelezwa kuwa limechukuliwa upya kutoka Kisanskriti cha wasomi. Lakini ile b ya Kigujarati imetoka wapi? Waingereza walikuwa Surat tangu mwanzo wa karne ya 17, na "cupboard" yao ilikuwa na b. Inaelekea, basi, kwamba katika kabāṭ maneno mawili yamekutana: neno la kale la Kihindi lililokuwa na ṭ, na neno la mgeni lililokuwa na b, yakafanana kwa sauti na kwa chombo hata yakawa moja.

Tukikubali hivyo, Kiingereza kinarudi katika nasaba ya "kabati", lakini kwa mlango mwingine. Si baba aliyelileta mtoto mkononi. Ni mmoja wa wazee wawili waliooana ng'ambo, na mtoto akaletwa pwani na watu wa upande mwingine. Baadaye, Waingereza walipotawala na kusikiwa wakisema "cupboard" majumbani na maofisini, sauti yao ililitia nguvu neno ambalo Mswahili alikwisha kulizoea. Hiyo ndiyo maana ya kusema, kama tulivyosema mwanzoni, kwamba nasaba ya Kiingereza haikosi chembe ya ukweli.

Ubao na mlango

Hata hivyo, kuna tofauti moja ya maana ambayo hatupendi ipite bila ya kutajwa. Jina la Kiingereza lilianzia kwenye ubao, yaani mahali pa kutandazia vyombo vionekane. Jina la Bara Hindi lilianzia kwenye mlango, yaani kile kinachofunga vyombo visionekane. "Kabati" la Kiswahili, katika matumizi yake ya kawaida, liko upande wa mlango. Chombo kisicho na milango, chenye mbao za kuwekea vitu tu, twakiita "rafu", neno la Kiarabu. Sanduku la kulaza na kufunikia juu ni "sanduku", la Kiarabu pia, au "kasha", la Kireno. Kila kimoja kina jina lake, na "kabati" limepewa kile kilichosimama na kufungwa kwa bawaba.

Mgawanyo huu haukutokea ovyo. Waswahili hawakuhitaji neno la mkopo kwa ajili ya mahali pa kuonyeshea vyombo, kwa maana walikuwa nalo lao. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate za karne ya 18, kuta za vyumba vya ndani zilichongwa kwa chokaa vishubaka vingi vilivyopangwa safu juu ya safu, viitwavyo "zidaka", na ndani yake viliwekwa vyombo vya kaure vilivyovuka bahari. Kidaka kilikuwa kikifanya pwani ya Afrika kazi ile ile iliyofanywa na "cupboard" katika kumbi za Uingereza za karne ya 14. Lau neno la Kiingereza lingefika likiwa na maana yake ya kwanza, lingemkuta mwenyeji amekwisha kukalia kiti hicho. Nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa ya chombo chenye milango.

Kwa haki, ni lazima tukiri kwamba hoja hii ya maana haina nguvu sawa na ile ya sauti. Kufikia karne ya 19 "cupboard" nayo ilikuwa na milango, na kwa Mwingereza, tofauti na Mmarekani ambaye mahali pa nguo hupaita "closet", ilikuwa na uwanja mpana wa kutosha kukubali nguo, vyombo na chakula. Kwa hiyo "kabati la nguo" na "kabati la vyombo" yaweza kuelezwa kwa pande zote mbili. Tumeitaja hoja hii kwa sababu inaonyesha jambo ambalo kitambulisho cha mabano hakiwezi kuonyesha: neno la mkopo haliingii katika uwanja mtupu. Huingia katika nyumba yenye watu, na huketi pale panapobaki.

Hitimisho

Tumelichukua neno dogo kwa makusudi. Juu ya maneno makubwa, ya dini na ya utawala, mijadala imekwisha kuwa mingi, na kila mmoja huingia akiwa na upande wake. Juu ya kabati hakuna mwenye ghadhabu, na kwa hiyo mbinu yaweza kutazamwa peke yake. Tumeona kwamba kitambulisho "cha Kiingereza" hakieleza t. Kwamba kitambulisho "cha Kigujarati" chaeleza kila sauti, lakini nacho kina deni lake kwa Kiingereza. Na kwamba maana ya neno iliamuliwa na maneno mengine ambayo yalikwisha kuwako nyumbani.

Kutokana na hayo, twapendekeza kwamba mwanafunzi wa maneno ya mkopo afundishwe kuuliza maswali matatu badala ya moja. Neno lina chimbuko gani? Limepita njia gani, na ni nani waliolibeba? Limekuta nini lilipofika? Kamusi zetu zikiwa na nafasi ya swali la kwanza tu, na ziandike basi lugha mbili panapostahili lugha mbili. Kazi ya A. Y. Lodhi juu ya athari za lugha za Mashariki katika Kiswahili, iliyochapishwa mwaka 2000, imekwisha kuonyesha kwamba uwanja huu ni mpana na wastahili wachunguzi wenye kuzijua lugha za pande zote mbili za bahari. Idara zetu zimekuwa na wataalamu wa Kiarabu na wa Kiingereza. Wanaosoma Kigujarati na Kikachchhi kwa ajili ya kukichunguza Kiswahili ni wachache mno.

Hili si suala la kumpokonya Mwingereza sifa na kumpa Mhindi. Mara kwa mara twahesabu maneno ya mkopo ili tuseme Kiswahili kimekopa kiasi gani, na kutoka kwa nani, kisha twajenga juu ya hesabu hiyo madai kuhusu historia ya watu. Hesabu iliyojaa vitambulisho vya haraka huwafuta wale ambao hawakuacha serikali wala shule, bali waliacha meza za kazi, mizani na maduka. Fundi aliyepiga randa mbao huko Mombasa na mwenye duka aliyeziuza wamo ndani ya konsonanti moja, na sisi tumezoea kuipita.

Leo, katika sebule nyingi za Kenya na Tanzania, limo kabati la vyombo lenye milango ya vioo. Sahani na bilauri zilizomo hazitumiwi ila kwa wageni wa heshima; zimewekwa hapo zionekane. Bila ya mtu yeyote kukusudia, mlango na ubao vimepatana: chombo kimefungwa, na papo hapo kinaonyesha. Mwenye nyumba hakuijua "cupboard" ya karne ya 14, wala kapāṭa, wala huenda zidaka za Lamu. Neno analolitumia linazijua zote.